Tuta Lilikuwepo: Aikaeli Hosea Macha, 1951–2024

Marehemu Aikaeli alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, Kidia, Old Moshi, binti wa marehemu Mzee Hosea Macha. Alisoma hapohapo mpaka darasa la nne. Kwa nyumba yake ilitosha, maana mumewe hakusoma kabisa.

Alifunga ndoa na Ebenezeri Njau tarehe 16 Desemba 1972. Walilima kahawa. Kahawa ilipokosa bei wakabaki na migomba, na Aikaeli akawa anauza ndizi kando ya barabara, chini ya shule.

Pale magari yaligonga watoto. Aikaeli na wenzake walihangaika ofisi hadi ofisi, wakapewa kibao, na mwaka 2016 wakapewa tuta. Mwendo ukapungua. Lakini wapo madereva waliolikwepa tuta kwa pembeni, kule wanakopita watu. Aikaeli akahamishia mikungu yake hukohuko pembeni. Kijana mmoja aliyekuwa anaendesha gari aina ya Noah akamwamkia vizuri, kisha akamlalamikia kwamba anaziba njia.

"Marahaba, mwanangu," akamjibu. "Njia yako ndiyo ile yenye tuta. Hii ni ya miguu."

Hakusogeza hata chane. Kijana akarudi nyuma, akapanda tuta. Watu wakamwita Mama Trafiki, naye akawa anawauliza sare yake iko wapi.

Wasifu huwa unaeleza ugonjwa. Aikaeli hakuugua. Jumapili, tarehe 10 Machi 2024, alikuwa anatoka ibadani kwa miguu. Jumapili alikuwa hauzi, kwa hiyo pembeni hapakuwa na mikungu. Gari likakwepa tuta, likamkuta hapo. Alifariki njiani akipelekwa hospitali.

Wazee walishauri iandikwe kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mumewe amekataa. Mungu hakushika usukani. Mvua haikunyesha, breki zilikuwa nzima, kibao kipo, tuta lipo. Dereva aliamua.

Juzi Mzee Kornel, baba wa dereva, alikuja na jani la isale kuomba msamaha. Kwetu isale halikataliwi. Ebenezeri alilipokea kwa mikono miwili. Ndipo wazee wakamtaka akafute kesi polisi, maana aliyepokea isale amekwisha samehe.

"Nimesamehe," akasema. "Kesi sifuti."

Mzee Kornel akamwuliza, "Sasa mwenzangu, huo ni msamaha gani?"

"Huo ni wangu. Wa Aikaeli sina ruhusa ya kuutoa."

Wazee wengine waliondoka bila kunywa pombe ya mbege. Na waende.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, Tito, Goodness, Emilian na Joyness, pamoja na wajukuu tisa. Anazikwa leo kihambani kwake, chini ya migomba aliyoipanda.

Aikaeli alale salama. Kesi itatajwa Moshi mjini, Alhamisi tarehe 4 Aprili. Mumewe atakuwepo.