Mzee Dozi Anafunga Dirisha la Dawa

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama: mimi ndiye niliyempelekea Mzee Dozi siri ya vidonge.

Mzee Dozi, mtoa dawa wa zahanati yetu, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha lile lile. Alianza kwa kupanga makopo stoo, akaenda kusomea kazi, akarudi na koti jeupe. Jina alipewa na wagonjwa, kwa sababu hakuachi uondoke mpaka urudie maelekezo kwa mdomo wako. Ukikosea, unaanza upya, na foleni icheke inavyotaka. Daktari mmoja mgeni alirudishwa mara tatu kwa dawa yake mwenyewe ya kikohozi.

Wafanyakazi wameniomba niandike ukurasa wa kumuaga, utakaochapishwa, kwa kuwa mama yangu ndiye msafishaji wa zahanati, naye huwasomea insha zangu bila kuniuliza.

Mama hushinda ndani ya mabuti ya mpira yenye maji. Fangasi walimla katikati ya vidole mpaka nyayo zikapasuka, na alijipaka kila aina ya krimu bila nafuu. Mwaka juzi daktari alimpima ini kwanza, kisha akamwandikia vidonge vya kumeza, kimoja kila siku kwa majuma manne. Mzee Dozi alimwonya kwamba fangasi ni kama mgeni wa maneno mengi: ameshaaga, lakini bado yuko mlangoni anatafuta viatu.

Siku ya kumi muwasho ukaisha. Mama akaona amepona, na vidonge tisa kati ya vilivyobaki akampa mama mdogo, muosha vyombo ambaye vidole vyake navyo viliwasha. Ndugu ni kufaana, alisema.

Mimi nilikuwa nimesoma karatasi ya ndani ya boksi, kama ninavyosoma kila kitu. Ilisema mwenye ugonjwa wa ini asitumie. Mama mdogo alikuwa ametibiwa ini mwaka uliotangulia. Nilishindwa kumkosoa mama, basi nikaandika kijikaratasi, nikakisukuma chini ya kioo cha dirisha, nikakimbia.

Mzee Dozi hakunitaja. Kesho yake alitangaza utaratibu mpya: kila anayemeza vidonge vya fangasi alete pakiti yake Ijumaa ikaguliwe. Mama alikwenda na pakiti iliyopungua, akabanwa kwa utani hadi akakiri. Mama mdogo akaitwa siku hiyo hiyo. Alikuwa amemeza viwili tu. Alipimwa, akapewa krimu na somo la kukausha vidole. Mama alirudishiwa saba vilivyobaki, akaongezewa viwili, akamaliza dozi yake, na miguu yake ikapona. Ukaguzi wa Ijumaa unaendelea hadi leo, na wengi wanadhani ulitoka wizarani.

Mzee Dozi, asante kwa kuwalinda mama zangu wawili bila kumwaibisha yeyote. Nenda ukapumzike ukiwa na afya, na mkeo asikuandikie dozi ya kazi za nyumbani.

Nilipomaliza kuandika, sikuupeleka ukurasa huu kwa mchapaji. Nilimpa mama kwanza, nikakaa kando yake mpaka akafika mstari wa mwisho.