King'ora cha Alhamisi

Kaeni wanangu, na wewe mkwe wangu acha kuchungulia dirishani, bwawa halihami. Nimewaita mpande mlima wote huu kwa sababu daktari ameacha kunidanganya, nami sina pumzi ya kusema mara mbili. Jana mlizunguka mji wetu mkashangaa nyaya nene juu ya mapaa na nyumba za wafanyakazi wa umeme zilizofanana kama sahani, kisha mkateremka chini ya ukuta wa bwawa, mkaona mchanga mkavu, mkarudi mkisema pale patafaa vyumba vya wageni. Hapafai. Nyumba hii ni yenu, na shamba la nyuma ni lenu, ila pale mchangani asijenge mtu hata banda la kuku. Ule mto haujakauka, umefungwa, na wenye kuufungua hawatupigii hodi.

Niinueni kidogo. Si hivyo, utanivunja.

Binti wa marehemu mdogo wangu, sogea. Mume wangu hukumpenda, hata kumzika hukuja, na sikulaumu, maana wajomba zako walikujaza neno moja: kwamba yeye, mpiga king'ora cha kuonya watu maji ya bwawa yakifunguliwa, alisinzia siku maji yalipomchukua mama yako. Niliwasikia, nikanyamaza, mimi na mdomo wangu huu mnaoujua. Sasa sikiliza. Kila Alhamisi saa nne asubuhi king'ora kilijaribiwa, tukakizoea kama kikohozi cha mzee wa nyumbani. Alhamisi ile kilipolia, mimi na mama yako tulikuwa mchangani tunafua. Akainua kichwa, akaniuliza, "Dada, mbona leo hakinyamazi?" Nikamwambia, "Kwa uoga hujambo. Shemeji yako anajaribu mashine yake, suuza mashuka hayo." Nikapanda ukingoni kuanika. Nilipogeuka, mchanga haukuwepo.

Alikipiga, mwanangu. Alikipiga mapema, akakipiga mpaka mwisho. Jioni nilipomweleza nilichosema, akaniambia, "Waache waniseme mimi. Wewe una mtoto wa kulea." Mtoto huyo ni wewe. Wakubwa wakamwachisha kazi, majirani wakamnyima salamu, nami nikala naye meza moja miaka yote hiyo bila kufungua kinywa.

Usilie hapa, sikukuita unisamehe. Nikasirikie, ni haki yako, ila uwahi. Ninachotaka ni kimoja. Nendeni kaburini kwake leo, sasa hivi, ningali nasikia habari, na wajomba zako muwapitie. Umwite baba mbele yao, kwa sauti. Chumba chake cha mbele ni chako, na wengine msimuulize.

Mimi nilazeni... popote karibu naye. Maji sitaki, toa kikombe. Mungu awape... awape pumzi ndefu kuliko hii, na ulimi usiochelewa... kama wangu. Haya.

Mbona bado mmekaa.