Pawa Saplai Nzito

Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu alikaa mama mpiga picha za harusi, kapakata pawa saplai mpya ya kompyuta. Ile ya zamani iliungua ikaondoka na picha za watu, na bibi harusi mmoja aliyepotezewa picha zake, sasa akimwona mama huyu, huvuka barabara kumkwepa. Jumamosi ana harusi nyingine. Fundi wa kompyuta aliyekaa kando yake akaomba aishike.

"Nzito, dada. Lakini watengenezaji wengine hutia kipande cha chuma ndani, maana wanajua mnapima ubora kwa mkono. Tufungue tuone kapasita zake, vile vikopo vya kutunza umeme."

"Ubandue stika? Dhamana ya mwaka mzima si itakufa?"

"Dhamana itakurudishia pawa saplai, dada. Picha haitakurudishia."

"Na wewe ukifungua ukaiharibu, nimdai nani?"

Marehemu mume wangu nami nilimchagua kwa uzito, tena bila dhamana.

Fundi akaitikisa. Ndani kitu kikagonga kama kokwa kavu. Tulisikia mpaka wa viti vya nyuma.

"Hilo ni basi linalogonga, kaka," akasema mama, akimpokonya mzigo wake. "Barabara hii mbovu."

Akateremka. Tulikuwa tumeshafika kituoni, na dereva alishazima injini kabla fundi hajaitikisa.