Hukusimama Bure

Kwenye basi la kupanda Dharamsala nilikaa nyuma ya watu wawili waliokutana humo humo: Yangkyi, mtawa kijana wa Kibudha anayesomea mdahalo, na mzee Lhundup, ambaye mwezi uliopita mlima ulimporomokea bintiye akichota maji.

“Nyinyi wajuzi wa hoja,” mzee alisema, “niambieni mwanangu alikufa kwa kusudi gani.”

“Pole sana, baba. Kusudi hakuna. Sababu zipo: mvua, udongo, mteremko. Ulimwengu haumkusudii mtu.”

“Haifuati!” mzee akasema. Hilo ndilo jibu la anayeulizwa kwenye mdahalo anapoikataa hoja, na likishatamkwa, muulizaji hatulii. “Hulioni, basi halipo? Mimi kisogo changu sikioni, na ninacho!”

Yangkyi akasahau kwamba tuko safarini. Akasimama, akapiga mguu chini na kupiga kofi kwa kishindo, kama wafanyavyo watawa uwanjani wanapomtupia mtu hoja. “Basi lithibitishe!”

Sisi abiria tukitaka kushuka hugonga bodi ya basi, na dereva alidhani ni ishara hiyo. Akafunga breki, na pua yangu ikakutana na kiti cha mbele.

“Nani anashuka?” dereva akageuka, akatutazama mmoja mmoja. “Mmenisimamisha bure?”

Yangkyi akaketi, tabasamu likimshinda kulificha. “Umeona, baba? Sababu ipo, kusudi hakuna.”

Mzee alikuwa anakwenda kituo cha mwisho, juu kabisa, na nje mvua ilikuwa inamwagika. Akavaa kofia yake, akampita Yangkyi magotini.

“Fungua mlango, dereva. Hukusimama bure. Nashuka mimi.”