Mia Mbili na Kumi na Wawili wa Mosi Januari

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, mkabala na mlango wa kliniki, na aliyekaa ncha hii akiinuka bila kuaga, wa ncha ile anakwenda chini. Saa moja na nusu asubuhi wenye benchi walikuwa wameshaketi: Breki, dereva wa lori aliyestaafu, Fundi Antena, anayetengeneza redio na simu na kuua zilizobaki, na Mwalimu Nukta, ambaye akimaliza sentensi lazima aitangaze nukta yake. Katikati yao, kikombe cha kahawa mkononi, alikaa Mama Kadi wa dirisha la mapokezi. Mwaka wa kumi na tisa huu anaandikisha wagonjwa pale. Leo, saa mbili kamili, alitakiwa atie sahihi karatasi ya kuchagua programu ya kompyuta ya kuendeshea kliniki. Zilikuwa mbili, ya bluu na ya kijani. Kuchagua kwenyewe kulikuwa jina tu, maana Daktari, mwana wa dada yake, alikuwa ameshaipenda ya bluu. Mama Kadi alikuwa ameijaribu wiki mbili, na hakuitaka hata kuiona.

Breki: Tia sahihi yaishe, Mama Kadi. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Kwa hiyo fanya haraka.

Mwalimu Nukta: Methali hiyo umeipanda kinyumenyume. Nukta.

Fundi Antena: Kwani ya bluu ina kasoro gani? Nimeiona kwa macho yangu, inang'aa.

Mama Kadi: Sufuria pia inang'aa, na haiandikishi wagonjwa. Kile kitu hakisogei mpaka ukipe tarehe ya kuzaliwa. Siku, mwezi, mwaka. Namuuliza bibi wa watu, ulizaliwa lini? Ananiambia, mwaka wa nzige, mahindi yakiwa magotini. Nzige nitawabonyezea wapi?

Fundi Antena: Tafuta kitufe cha wadudu.

Mama Kadi: Muuzaji kaniambia, mtu asiyejua mwandikie mosi Januari, na mwaka kadiria, uishie na sifuri. Haya, nimeandika. Nina wagonjwa mia mbili na kumi na wawili waliozaliwa mosi Januari.

Breki: Wengi wape. Wamepewa siku yao, kelele za nini?

Mwalimu Nukta: Watu mia mbili siku moja? Huyo mkunga alikula saa ngapi?

Breki: Si mkunga, ni mama. Kompyuta inaamini kuna mama mmoja aliyewazaa wote, na sasa hivi inamtafuta.

Fundi Antena: Achana na Breki, mimi ndiye fundi. Hizi mashine zikiona watu wanafanana, zinawaozesha. Jina moja, tarehe moja, basi, umeshaolewa na hata pilau hujaonja.

Mwalimu Nukta: Jambo ni kubwa kuliko hilo. Tunakusanywa. Leo watu mia mbili siku moja, kesho mgonjwa mmoja, kidonge kimoja, na mji mzima umepona kwenye karatasi. Nukta.

Breki: Halafu Daktari anafungiwa kliniki kwa kukosa wagonjwa.

Walicheka mpaka ubao ukayumba. Mama Kadi hakucheka. Katika porojo zote zile, Antena alikuwa amegusa kidonda bila kujua.

Mama Kadi: Kuozesha, hapana. Inaunganisha. Jumanne walikuja wanawake wawili wa jina moja, kila mmoja na mosi Januari yake. Kompyuta ikaandika: Mtu huyu yupo tayari. Unganisha? Muuguzi kijana wa watu, foleni imemfika shingoni, akabonyeza ndiyo. Mmoja wao penisilini humvimbisha koo mpaka pumzi inakata. Kwenye kadi yangu nimeliandika hilo kwa wino mwekundu. Kwenye kompyuta alibaki mwenzake, asiyedhurika na dawa yoyote. Sindano ya penisilini ilikuwa imeshavutwa, Breki. Nilipita mlangoni kwa bahati tu, nikamtambua, nikaudaka mkono wa muuguzi.

Mwalimu Nukta hata nukta yenyewe hakuitamka. Mama Kadi aliuona tena ule mkono, na yule mama aliyekuwa anamtabasamia kama vile amekuja kumsalimia tu, akakiweka kikombe chini.

Breki: Daktari anajua?

Mama Kadi: Nimemwambia. Anasema kosa ni la muuguzi.

Fundi Antena: Na ya kijani je?

Mama Kadi: Sura haina, na mwendo wake wa konokono. Lakini ina kisanduku cha "haijulikani". Ina mahali pa kuandika mtu ni mtoto wa nani na anakaa jirani na nani. Mimi ya bluu siitii sahihi. Akitaka kunitoa dirishani anitoe.

Mwalimu Nukta: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nukta.

Breki: Avunjike tu, kliniki si hiyo hapo.

Daktari alitokea upande wa pili wa barabara akiwa na muuzaji wa programu, shati limepigwa pasi, laptopu kwapani.

Daktari: Shikamoo, Mama Mdogo. Ile karatasi tayari?

Mama Kadi: Marahaba, mwanangu. Haiko tayari, na kwa hiyo ya bluu haitakuwa tayari.

Muuzaji: Mama, tuwe wa kisasa. Mambo ya nzige ni ya zamani.

Mama Kadi: Na wagonjwa wangu je? Si ndio hao wa zamani?

Daktari: Mama Mdogo, usinifedheheshe mbele za watu.

Mama Kadi: Afadhali nikufedheheshe hapa benchini kuliko tukutane msibani kwa mtu.

Pembeni, kwa muuza kahawa wa pale mlangoni, alikuwa amesimama mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, akisubiri kliniki ifunguliwe. Alikuwa amesikia yote.

Mgeni: Samahani, Daktari. Mama yako naye yumo humo ndani?

Muuzaji alifurahi kupata mteja. Alifungua laptopu juu ya magoti ya Breki.

Muuzaji: Wote wamo, dada. Tazama.

Daktari alimtajia jina la mama yake, naye akaliandika. Ikatokea mistari mitatu. Jina lile lile mara tatu, mosi Januari mara tatu, mwaka mmoja wenye sifuri, na namba ya simu moja, ya kliniki, maana wazee wasio na simu huandikiwa hiyo. Chini yake: Majina yanafanana. Unganisha?

Mgeni: Sasa mama yako ni yupi hapo?

Daktari aliinama. Akausoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, akarudi wa kwanza. Breki alizuia magoti yasitikisike. Hata Mama Kadi, aliyelala kitanda kimoja na dada yake mpaka siku ya kuolewa, hakumjua mle. Muuzaji alikuwa bado anatabasamu, na kidole chake, kwa mazoea, kilishaanza kwenda kwenye kile kitufe.

— Usibonyeze, alisema Daktari, na akamshika mkono.