Mashuka Meupe ya Wandarup

Mgeni rasmi, Daktari Philippa Tregenza, mwanaanga;
Mheshimiwa Diwani Haddow;
Wageni wetu kutoka Merrigup, mliokaa viti vya mbele kabla hatujawaonyesha pa kukaa;
Mabibi na mabwana:

UKARIBISHO

Sisi wanachama wa Chama cha Watazama Anga wa Wandarup tunakukaribisha nyumbani. Tunasema nyumbani kwa makusudi, na tunaomba majirani zetu wa Merrigup walisikie neno hilo vizuri. Tulitamani tukae nawe mpaka kesho, lakini tumeambiwa una saa tatu tu kwetu. Baada ya hapo unakwenda Merrigup kula chakula cha jioni na kulala kwenye hoteli yao yenye bwawa la kuogelea. Hatuna kinyongo. Mjumbe wetu Bwana Dudley Parfitt, yeye anacho, na ameomba kitajwe.

Risala hii inasomwa na katibu wa chama, Lorna Tregenza, ambaye ni dada yako. Alichaguliwa kwa kura wala si kwa undugu, ingawa mpinzani wake alikuwa Dudley, ambaye hawezi kusoma ukurasa mzima bila kumtukana mtu.

HISTORIA YETU

Mwaka 1962, Mmarekani mmoja alipokuwa akiizunguka dunia angani peke yake, watu wa jiji letu kubwa la Perth waliwasha taa zao zote usiku ili awaone. Akawaona, akawashukuru kwa redio, na dunia nzima ikasikia. Wanajivunia mpaka leo.

Kitu ambacho dunia haikuambiwa ni kwamba na sisi tulikuwapo. Umeme wa nguzo ulikuwa haujafika Wandarup, kwa hiyo babu zetu walipeleka magari yote ya mji kwenye uwanja wa mpira, wakayapanga duara na kuwasha taa. Bibi zetu wakatandaza mashuka meupe kwenye nyasi ili mwanga upae. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba taa za gari humulika mbele, hazimuliki juu. Wakamulikana machoni mpaka betri zote zikaisha, kisha wakarudi makwao kwa miguu, wamebeba mashuka yaliyolowa umande. Mwanaanga akaishukuru Perth.

Unamkumbuka marehemu babu yako. Kila mkate ulipoungua jikoni alikuwa akisema, "Waiteni Perth! Si ndio mafundi wa kuwasha?"

Tangu hapo tuna desturi. Kituo cha anga kinapopita juu yetu, kila nyumba huwasha taa ya baraza na kuanika shuka jeupe kwenye kamba. Mwalimu wa sayansi ametueleza mara nyingi kwamba shuka moja halionekani kutoka kule. Tunamshukuru, na tunaanika.

MAFANIKIO

Siku jina lako lilipotangazwa kwamba utakaa angani na kujiandaa kwa safari za Mwezini, mashine za kunyolea kondoo kwa Dudley zilizimwa, jambo ambalo halikutokea hata siku alipooa. Ghala letu la ngano limechorwa roketi kuanzia chini hadi juu, na madereva wa malori hupunguza mwendo wakaitazama. Wanafunzi wetu hawagombanii tena mpira, wanagombania nani atatangulia kukanyaga Mars. Bibi Joyce Ketteridge, ambaye magoti yake yote mawili ni ya chuma, ameandika kwa wakala wa anga kuulizia nafasi. Alipoulizwa sababu alisema, "Kule nasikia uzito unapungua bila mtu kuacha siagi."

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni Merrigup. Wameweka bango barabarani, kubwa kuliko duka letu, linalosema wewe ulizaliwa kwao, na jioni hii utalizindua kwa kukata utepe. Hatusemi ni uongo. Wodi ya wazazi iko kwao. Mama yako alikwenda huko na uchungu wake, akarudi na wewe, basi.

Tulimtuma Dudley kuzungumza na mwenyekiti wao, Bi Glenys Strahan, aliyeko hapa mbele yetu na kofia yake.

"Nyinyi mlikaa naye siku mbili," Dudley akamwambia. "Sisi ndio tuliomfuta kamasi utoto mzima!"

"Basi wekeni bango la kamasi," Bi Glenys akamjibu.

Mazungumzo yakaishia hapo.

Changamoto ya pili ni wewe mwenyewe, mgeni rasmi. Tunakuonea wivu. Tumeijadili sentensi hii katika vikao, wengine wakataka tuandike "tunajivunia", na hilo pia ni kweli. Lakini mtu aliyetazama juu maisha yake yote, akiambiwa kwamba jirani yake ndiye anayekwenda, hupiga makofi huku roho inamuuma. Tumepiga makofi sana.

Katibu anaomba kutoka nje ya karatasi kidogo.

Pip, tulikuwa tunalala wawili juu ya marobota ya sufu, tukinyooshea vidole kila kinachopita juu, na mimi ndiye niliyekuonyesha cha kwanza. Wewe ukaenda chuo, mimi nikabaki na kondoo na Mama. Hakuna aliyenilazimisha. Ila nikikuona kwenye televisheni umevaa lile vazi, ukifanya mazoezi chini ya maji, huwa naizima. Halafu naiwasha tena haraka, nikiogopa usije ukawa umeshaondoka. Na hawa wa Merrigup siwaonei wivu kwa ajili ya bango lao. Nawaonea wivu kwa sababu usiku wa leo watakuwa nawe.

Dudley ananionyesha saa. Narudi kwenye karatasi.

MAOMBI YETU

Kwanza, utakapopita juu yetu, tunaomba utaje jina la Wandarup kwenye redio. Ni jina fupi, halitakupotezea muda. Perth wakitajwa na sisi tusitajwe kwa mara ya pili, Dudley ameapa kuchoma mabua ya shamba lake lote ili aone kama mtakuwa vipofu.

Pili, tunaomba bango la Merrigup liongezwe maneno machache chini: "Kisha akapelekwa kwao."

Ombi la tatu halikupigiwa kura. Tunajua kwamba ukitoka Merrigup unaingia karantini, utengwe na watu wasikuambukize, na kwamba hutakuja tena kabla ya safari. Mama yako hayupo ukumbini. Miguu inamsumbua, na isitoshe yuko jikoni anaoka paja la kondoo. Jana asubuhi katibu alimkuta anaanika shuka kwenye kamba.

"Mama, leo hakipiti kitu," akamwambia. "Na Pip bado hajaenda, yuko huku chini na sisi."

"Kwani mimi sijui mwanangu aliko?" Mama akasema. "Nalianika lipate jua, nimtandikie. Alikuwa anapenda shuka lenye harufu ya jua. Wewe nipe vibanio."

Chumba chako ameshakifagia. Habari ya hoteli hajaambiwa. Kamati ilikutana kuamua nani atamwambia, na hakuna aliyenyoosha mkono, hata Dudley.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, Mungu akulinde kupanda na kushuka. Akujalie kuona yale ambayo sisi tutayasikia tu, na akurudishe ukiwa na hamu ya kutusimulia bila kuchoka.

Tumeitazama ratiba. Usiku wa leo hakuna chochote kitakachopita juu ya Wandarup. Hata hivyo, taa ya baraza kwa Mama itakuwa inawaka.

Ni sisi wako,
Chama cha Watazama Anga wa Wandarup