Boaz Murunga, Aliyetembea Kilomita Ishirini na Tatu Chalbi

Boaz Murunga hakumtoroka mwenzake jangwani. Kwa zaidi ya miaka mitatu Kawangware imesema alimtoroka, na aliyelianzisha neno hilo ni Ephantus Njeru, dereva aliyekuwa naye garini. Mke wa marehemu, Sella Nasike, ameomba jambo hili lisomwe kwanza, kabla hata ya tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu ndilo mumewe aliloishi nalo hadi pumzi ya mwisho.

Boaz alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 karibu na soko la Malava, Kakamega, mtoto wa nne wa marehemu mzee Isaac Murunga na Mama Kageha. Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba, akaacha baba yake alipofariki.

Mwaka 1993 alikuja Nairobi, akapokelewa na mjomba wake katika mtaa wa Gatwekera. Kila asubuhi alitembea kwa miguu hadi gereji moja Kawangware kujifunza umakanika. Miaka miwili ya kwanza kazi yake ilikuwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Baadaye aliweza kusikia gari likipita barabarani akataja ugonjwa wake, na mwenye gari akarudi wiki iliyofuata akiwa na ugonjwa huo huo.

Sella alikuwa akiuza uji mlangoni mwa gereji hiyo. Siku ya kwanza Boaz alionja, akasema, "Dada, huu uji wako ni mwepesi kuliko petroli."

"Basi enda unywe petroli," Sella akamjibu.

Kesho yake alirudi na kikombe kikubwa zaidi. Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1999, katika kanisa la mabati Kisumu Ndogo, wakapanga chumba Soweto West. Mungu aliwapa watoto watatu.

Mwaka 2016 mafundi tisa wa Kawangware walinunua pamoja Land Rover moja kuukuu, wakaifufua, wakajiandikisha katika mbio zinazofanyika kila Februari katika Jangwa la Chalbi, kule mbele ya Marsabit. Si mbio za mabingwa. Ni za watu wenye kazi zao, wanaopenda vumbi. Ephantus alishika usukani kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa chama chao. Boaz alikaa kando yake kusoma njia na kutengeneza kilichovunjika, na kilichovunjika kilikuwa kingi.

Siku walipoondoka mara ya kwanza, Sella alirudi nyumbani akakuta mbingu juu ya kitanda. Akapiga simu.

"Baba Marion, paa iko wapi?"

"Ni mabati mawili tu, Mama Marion. Ni ya kuweka chini ya tairi tukikwama. Yatarudi Jumatatu."

"Na mvua ikinyesha?"

"Februari? Mvua gani hiyo?"

Ilinyesha Jumamosi. Sella alikuwa na maneno tayari ya kumpokea nayo. Lakini Jumatatu mtu huyo aliingia na chumvi kwenye nyusi, amebeba mabati yaliyokunjamana, akaketi akasimulia, na maneno yote yakamwisha mkewe mdomoni. Alisema Chalbi ni ziwa lililokauka zamani, sakafu nyeupe mpaka macho yanapokoma. Gari linalokuja unaliona nusu saa kabla halijakufikia, na unapoangalia huku na huku unajua wewe ni punje. Na chini ya ganda la chumvi kuna tope, ndiyo maana jangwa lile humeza magari.

Katikati ya mashindano walikuta gari la wapinzani limezama hadi milangoni. Boaz aliruka chini na mabati yake.

"Fundi, si tunashindana?" wale wakauliza.

"Tutashindana mkishatoka."

Waliwatoa, wakawatoa na wengine wawili mbele. Wakamaliza wa mwisho. Pale mwisho magari yote yalikuwa yamepangwa kwa mstari yakiwasubiri, yakipiga honi. Boaz alisema hajawahi kusikia sauti kubwa namna ile mahali pasipo na ukuta wa kuirudisha. Sella, aliyekuwa amelala na watoto kwa jirani kwa ajili ya mabati hayo, alilia.

Sasa lile jambo. Tarehe 19 Februari 2022, Boaz alisema wafuate alama za magari ya mbele. Ephantus alikata katikati ili awahi. Ganda likapasuka, gari likapinduka, mguu wa Ephantus ukavunjika. Simu hazikuwa na mtandao. Maji yalikuwa mtungi mmoja wa lita ishirini. Boaz alimtengenezea mwenzake kivuli, akamwachia mtungi, akajaza chupa moja ya soda na kuondoka saa tano asubuhi. Alitembea kilomita ishirini na tatu kwenye jua lile, akafika kambini saa kumi na moja jioni, hawezi kusema. Alionyesha kwa kidole.

Oketch, fundi mwenzao, alikuwa kwenye gari lililokwenda kuokoa. Alimkuta Ephantus hai chini ya kivuli, mtungi mkononi, bado una maji. Lakini hospitalini Ephantus aliwaambia wanachama, "Boaz alinikimbia. Alibeba maji." Gari lilikuwa la watu tisa, naye hakutaka kuulizwa nani alikata njia. Oketch alipopinga aliambiwa, "Wewe nyamaza, ni beste yako."

Sella alikuwa amemwosha mumewe miguu, na ngozi ya nyayo ilikuwa ikitoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Akamwambia aende akaseme.

"Mtu amevunjika mguu," Boaz alisema. "Nimvunje na jina?"

Sella hajaliweza jibu hilo mpaka leo. Lilimkasirisha, na bado anashangaa kwamba aliishi na mtu wa namna hiyo. Chama kilimwondoa. Wateja walipungua, na wapita njia walimwita Mtoro mbele ya watoto wake.

Mwezi wa Mei 2024 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, Oketch akimsindikiza, wengine wa chama wasionekane. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Sella.

Ameacha mjane, Sella Nasike, watoto Marion, Isaac na Joan, mjukuu mmoja, mama yake, Kageha, na ndugu watatu.

Kwa desturi yetu, kabla ya udongo kuwekwa, anayedaiwa na marehemu husimama akasema. Ephantus Njeru amejiandikisha kwenye basi la waombolezaji, na katika ratiba hii Sella amemwekea nafasi mara tu baada ya wasifu huu. Haulizwi shilingi. Anadaiwa maneno mawili, mbele ya mama na watoto wa marehemu: nani alikata njia, na nani alitembea.

Boaz apumzike. Jina lake litapumzika Ephantus akishasema.